Baba Amekufa, Matanga Hatukukaa

Mwezi uliopita nilikesha kwenye kilio pale Katuba, hapa Lubumbashi. Ilikuwa saa nane za usiku, moto umeanza kufifia, wanaume tumejikunyata kwenye viti vya plastiki. Mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyemaliza ujana wake wote migodini, akawatazama vijana walioegemea ukuta, kila mmoja na simu yake. Akatema mate pembeni. Akasema: "Batoto ba leo habapende kazi."

Kijana mmoja hakuinua hata macho. Akajibu taratibu, bila tusi: "Muzee, iyo kazi iko fasi gani?"

Hakuna aliyemjibu. Mjomba akakohoa. Mtu akaongeza kuni. Mazungumzo yakarudi kwenye mpira, Mazembe na Lupopo, kama desturi yetu tunapobanwa.

Msomaji wangu, nimechoka na kikohozi kile.

Nimechoka nacho kwa sababu nakisikia kila nyumba. Komini ya Kamalondo, ya Kenya, ya Ruashi, ya Kampemba, wimbo ni mmoja. Mzee anasema kijana mvivu. Kijana anasema mzee alikula akalamba na chungu. Na sisi wa katikati, tulio karibu na hamsini, tunaongeza kuni na kuzungumza mpira.

Usinitazame kama mgeni. Wewe mwenyewe umesema neno hilo wiki hii. Labda ulimwambia mwanao. Labda ulimwambia baba yako. Sema kweli.

Mimi nina neno moja la kusema leo, na nitalisema mpaka liingie. Tunadhani tunagombania tabia: heshima, simu, nywele, muziki, namna ya kusalimia. Uongo. Tunagombania urithi wa marehemu ambaye hatukuwahi kumlilia. Baba alikufa mjini hapa, na matanga hatukukaa.

Baba gani? Unamjua. Aliitwa Kazi.

Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru likamwaga shaba yake ya kwanza. Mwanzoni waliletwa wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa, wengi walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili hesabu: lete mke wako, kaa hapa, zaa hapa. Ikajenga kambi. Ikatoa posho: unga, nyama, samaki, mafuta, chumvi. Ikaweka zahanati, ambako mtoto alikuta mizani inamngoja. Ikaweka shule ya kumfundisha mtoto yule awe mfanyakazi kama baba yake.

Hapo ndipo likazaliwa neno ambalo wazee wetu walilisema kama sala: Kazi njo baba, kazi njo mama.

Babu yangu hakuwahi kuvaa saa. Saa yake ilikuwa king'ora cha kiwandani. Kilipolia, mji mzima uliamka, na hata aliyekuwa mgonjwa aligeuka kitandani kwa aibu. Ndiyo maana mjomba haelewi kijana anayelala hadi saa tatu. Kichwani mwake king'ora bado kinalia.

Lakini mzee, mbona unasimulia nusu? Unasimulia posho, kamba iliyofungwa kwenye posho unaificha. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Vita vya Wazungu vilikuwa vimepandisha bei, mshahara umelala palepale. Tarehe 9 waliokusanyika uwanjani walipigwa risasi na askari, makumi wakafa, akiwemo Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake. Watoto waliomba nyongeza, baba akaita bunduki.

Je, umewahi kumsimulia mjukuu wako habari hiyo? Au unamsimulia mafuta na chumvi tu?

Usiseme hakuna aliyeandika. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboi wa Wazungu, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu chenyewe, Kiswahili cha jikoni na cha mtaani. Wasomi wa ng'ambo wameisoma. Wewe je? Mwanao je? Wazee walituachia wosia, sisi tukafungia mandazi.

Kisha akaja baba wa pili, mweusi kama sisi. Tarehe 1 Januari 1967 Rais Mobutu akaitwaa Union Minière, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mfanyakazi wake akipita mtaani, alisalimiwa mara mbili. Binti akiposwa naye, mama yake alicheza.

Na wakati tunacheza, mashine zilikuwa zinazeeka na fedha zinapanda ndege kwenda Kinshasa. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Mwaka 1994 tani hazikufika hata 50,000. Mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa mwaka, ikaacha kuja. Mtu alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, mikono mitupu, miezi na miezi, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda saa ile.

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliitwa, wakahesabiwa, wakapewa bahasha, wakatia sahihi. Wengine walikuwa wanadai mshahara wa karibu miaka mitatu. Mpango ule ukaitwa kuondoka kwa hiari.

Hiari! Mtu mwenye njaa ya miaka mitatu ana hiari gani?

Siku ile ndiyo baba alikufa. Na sisi tulifanya nini? Ngoja nikwambie nilichofanya mimi. Jirani yetu alirudi na bahasha yake jioni, mtaa ukamshangilia, mtu akaagiza bia baridi, Simba na Tembo. Nami, kijana mwenye nguvu na shule yangu, nilikuwa wa kwanza kumwomba mkopo. Miaka miwili baadaye alikuwa anauza sigara moja moja mbele ya nyumba yake. Mkopo wake sijaulipa mpaka leo. Amekwisha kufa.

Kwetu mtu akifa, tunajua cha kufanya. Tunalia. Tunakula bukari, ugali wetu, pamoja. Kisha ukoo unaketi, wakubwa na wadogo, na maswali yanaulizwa bila haya: Marehemu ameacha nini? Ana deni kwa nani? Nani alikuwa naye usiku wa mwisho? Funguo ziko kwa nani?

Baba Kazi alipokufa, nani aliita ukoo? Nani aliuliza funguo ziko wapi?

Hakuna. Wanaume walikaa kwenye viti vyao wakingoja king'ora kilie tena. Ni mama zetu waliosimama. Mama alikwenda Kasumbalesa mpakani akarudi na unga. Mama aliuza makaa, mikate, munkoyo. Mama alilipa shule kwa kikombe cha karanga. Na kwa kuwa aletaye chakula ndiye anenaye, sauti ya baba nyumbani ikapungua, ikapungua, hata ikabaki kikohozi. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikatoka mwaka 2001. Kwenye jina la kitabu anatuita Bana Shaba, watoto wa shaba, waliotelekezwa na baba yao. Alitangaza msiba. Sisi tukapita na shughuli zetu.

Sasa tumtazame yule kijana wa ukutani.

Alizaliwa baada ya bahasha. King'ora hakijui. Posho haijui. Neno kazi, ambalo kwa mjomba lina maana ya nyumba, hospitali, heshima na mke, kwake lina maana ya siku ya leo. Leo ni pikipiki ya mtu, lazima jioni apeleke hesabu. Kesho ni kibanda cha kutuma fedha kwa simu. Keshokutwa ni shimo la kuchimba kwa mikono, lisilo na nguzo, ambalo mvua ya Januari ikilijia halitoi mtu.

Na akibahatika? Nina mpwa aliyebahatika. Ana shahada. Saa kumi alfajiri husimama kando ya barabara ya Likasi na mfuko wa plastiki wenye sahani ya bukari baridi, akingoja basi linalobeba vibarua. Ameajiriwa na kampuni ndogo inayowakodisha watu kwa kampuni kubwa. Mkataba wa miezi mitatu. Ukiisha, anakaa nyumbani wiki mbili, anaitwa, anasaini mwingine. Amesaini mara tisa. Getini bado wanamwandika kwenye daftari la wageni.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, na siku ya elfu bado ni mgeni.

Halafu unamwambia hapendi kazi?

Usiniambie pia kwamba shaba imekwisha. Mwaka 2023 nchi hii ya Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, mara tano na zaidi ya miaka ile ya fahari ambayo mjomba huililia. Ni Chile peke yake inayotupita leo. Kobalti, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inatoka katika udongo huu, wetu na wa ndugu zetu wa jimbo la Lualaba. Nenda barabara ya Kasumbalesa uone malori yalivyopanga foleni, mzigo umefunikwa turubai, dereva amelala chini ya gari. Hata kile kilima cheusi chini ya bomba la moshi, masalio ya tanuru ambayo babu zetu waliyaona takataka, tangu miaka ya 2000 kinayeyushwa upya ili watu watoe kobalti.

Takataka ya babu imepata mrithi. Mjukuu wa babu hajapata.

Mgodi haukufa. Aliyekufa ni baba: yule mtu ambaye shaba ilipotoka ardhini, alilazimika kukulisha. Kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Sisi tulio shinani tunapigwa jua, na badala ya kuuliza mti ni wa nani, tunarushiana mawe.

Mawe yenyewe si mafumbo. Chungu kilipoanza kukauka, mwaka 1992 na 1993, wakubwa wa siasa za Katanga waliwaonyesha vijana adui: jirani yao Mkasai. Vijana wa JUFERI, kundi la vijana la chama chao, wakatumwa, milango ikavunjwa. Familia zilizoishi hapa tangu enzi za kambi zililala vituo vya treni Likasi na Kolwezi miezi kadhaa, na watoto wakafia pale kwenye reli. Wazee walisema, vijana walitenda. Hapo hatukusikia mtu akilalamika kwamba vijana hawasikii wakubwa wao.

Ndivyo ilivyo maiti isipoliliwa. Inarudi. Inaingia nyumba baada ya nyumba kwa jina tofauti.

Inaingia kwa jina la uchawi. Baba amekosa kazi, mtoto wa kambo analaumiwa: ni mchawi, amefunga bahati. Anafukuzwa, anakuwa shege, mtoto wa mtaani, pale sokoni, analala juu ya katoni. Kwingine ni kijana asiyefanikiwa anayemtazama bibi yake na kusema, huyu ndiye anayenifunga. Mtoto mchawi, bibi mchawi. Nyumba yenye wachawi wawili, na mhasibu hakuna.

Inaingia kwa jina la baba mpya. Maana tuliwafundisha watoto wetu kungoja baba, nao wanangoja. Wengine wanamngoja kanisani, mchungaji awatabirie kazi na viza. Wengine wanamngoja kwenye mkutano wa siasa, apite kwenye gari la vioo vyeusi, atupe fulana na noti. Nchi iliyomwita Mobutu baba wa taifa kwa miaka 32 bado inanyoosha mkono kila gari kubwa linapopita. Na huyo kijana unayemwita mkaidi, ambaye hasikii la mzee, tazama anavyotii mbele ya fulana!

Inaingia kwa jina la kaburi. Wazee tunawazika baada ya kungoja haki zao mpaka macho yakaingia giza. Vijana tunawachimbua mashimoni. Ni nani basi aliyeshinda ugomvi huu?

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tumegombana miaka ishirini na zaidi. Wenzetu wamelima, wamevuna, wamesafirisha. Sisi tunaendelea kugombana.

Mzee, nisikilize. Sikukosei heshima. Lakini acha kumpima mjukuu wako kwa king'ora kilichonyamaza. Wewe uliamka alfajiri kwa sababu mwisho wa wiki kulikuwa na unga. Yeye anaamka alfajiri kuliko wewe, na unga haupo. Msimulie yote mawili, posho na risasi. Mwambie ulitia sahihi kwa njaa. Hakuna aibu. Aibu ni kunyamaza, maana kimya chako kinamfanya aamini kwamba umaskini wake ameuzaa mwenyewe.

Kijana, nawe weka simu chini dakika tano. Unasema wazee walilala. Walilala wapi? Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi wa chuo kikuu hiki hiki cha Lubumbashi walivamiwa katika mabweni yao kwa sababu waliinua sauti dhidi ya Mobutu. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Walionusurika sasa wana miaka hamsini na kitu. Ndio hao hao unaowaita wazee waliolala. Kabla ya kumtukana mzee, muulize alikuwa wapi Mei 1990. Pengine utaona kovu.

Na sisi wa katikati? Sisi ndio ninaotaka kuwachapa hasa, nikianza na mimi.

Sisi tulisoma. Sisi tunajua Kifaransa cha sheria. Sisi tuna viti komini, chuoni, kwenye redio, kanisani. Sisi ndio tulioona bahasha kwa macho yetu, na ndio tunaoona malori. Tukakohoa. Tunamtumia mzee kumtisha kijana, tunamtumia kijana kumcheka mzee, na sisi tunabaki katikati tumestarehe, mikono mifukoni.

Basi nikuulize wewe uliyesoma. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, umeifungua? Inasema mrabaha wa madini ugawanywe: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka.

Soma tena. Vizazi vijavyo. Maneno hayo yamo ndani ya sheria ya nchi. Huo ndio wosia wa marehemu, umeandikwa, una mihuri. Kwenye kilio chochote cha kwetu, mjomba wa marehemu angeusoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Nani ameusoma mbele yako? Umewahi kuona hesabu ya ile 15 imebandikwa ukutani komini? Hesabu ya ile 10, imewahi kutajwa kanisani kwenu, mahali ambapo hata sadaka ya mayai hutangazwa? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunajua kuimba methali hiyo. Daftari hatuombi.

Na huyo "kizazi kijacho" ni nani? Mwaka 2018 yule kijana wa ukutani alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alikuwa yeye. Sheria ilikuwa inamzungumzia yeye. Sasa ana ndevu, anauliza kazi iko wapi, na sisi tunatazama moto. Kizazi kijacho kimeshakuja, jamani. Kimesimama, kinatungoja tumalize kukohoa.

Hatuhitaji baba mwingine. Yule wa kwanza alitupiga risasi, wa pili alitupa bahasha. Tunahitaji kikao cha ukoo: mzee aseme alichoona, kijana arekodi kwa simu yake hiyo hiyo, sisi wa katikati tuandike barua kwa burugumesta na kwa gavana, tuombe hesabu kwa tarehe na kwa tarakimu. Barua ikikosa jibu, tuandike ya pili. Shaba inachimbwa kila siku, hata Jumapili. Basi na swali liulizwe kila siku.

Arobaini ya marehemu wetu wa Katuba ni Jumamosi ijayo. Mjomba atakuwepo, vijana watakuwepo, na mtu ataanza habari za mpira. Nitakwenda na daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nimeshaandika lile swali la kijana. Wewe pia una kilio chako wiki hii. Katika mji huu hakosekani mfiwa. Nenda na daftari.